Kusubiri Plagi

Pikipiki ilizimika katikati ya mlima, na Ambwene akasema ni kitu kidogo.

Baba yake, mzee Andongwisye, alikuwa amekaa nyuma, amemkumbatia kiunoni. Alisikia injini ikikohoa, ikanyamaza, kisha akahisi gurudumu linaanza kurudi nyuma.

"Tumefika?" aliuliza.

"Bado, tata. Shuka kidogo."

"Nishukie wapi? Mimi naona ukungu tu."

"Hata mimi naona ukungu," alisema Ambwene, na hilo lilikuwa kweli, maana asubuhi ile wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai. Alimshika baba yake kwapani, akamshusha, akamkalisha ukingoni mwa barabara juu ya koti la mvua, fimbo yake mkononi. Kisha akarudi kwenye pikipiki, akapiga kiki. Akapiga tena. Akapiga mpaka goti likaanza kumuuma, na pikipiki haikutoa hata mguno.

Mzee Andongwisye alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwanzoni aliona watu kama vivuli, baadaye akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Siku ile madaktari wa macho walikuwa hospitalini Tukuyu. Tangazo lilisomwa kanisani Ikuti na msikitini pia: wagonjwa wafike mapema, uandikishaji unafungwa kabla ya adhuhuri, upasuaji ni mchana huohuo, kesho yake wanafunguliwa bandeji na madaktari wanaondoka. Watarudi lini, tangazo halikusema.

Wiki nzima Winfrida, mke wa Ambwene, alikuwa amemwambia mumewe akodi gari. Kama gari ni ghali, basi bodaboda wawili.

"Pikipiki ipo," Ambwene alimjibu kila mara. "Watu watasema nini? Nina chombo changu, halafu baba yangu anabebwa na chombo cha mtu?"

"Umeipeleka kwa fundi?"

"Nimeipeleka."

Hakudanganya. Aliipeleka kwa fundi, ikarudi na kava jipya jekundu la kiti na taa ndogo za kumetameta pembeni. Injini hakuna aliyeigusa. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ndogo, aliyoinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu, na kila aliyeijua alishangaa ilivyokuwa bado inatembea.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi alisimama.

"Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Koki umefungua?"

"Nimefungua."

"Itikise basi."

Ambwene aliitikisa. Akaja mama mmoja na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, akatazama, akasema kaka yake alikuwa na pikipiki kama ile, na ilipogoma walikuwa wanailaza ubavu. Wakailaza ubavu. Petroli kidogo ikamwagika barabarani, harufu ikamfikia mzee pale alipokaa.

"Sasa ndiyo mafuta hayamo," alisema mzee.

Mwenye baiskeli akasema pole, mwenye kikapu akasema pole, wakaendelea na safari zao.

*

Winfrida alifika muda si mrefu baadaye, amepanda bodaboda ya Muddy, kijana wa pale pale Ikuti. Alikuwa amebeba blanketi, chupa ya chai na kikapu cha chakula, kwa kuwa ndiye angelala hospitalini kupika na kufua. Alipoona kiti chekundu kimelala barabarani, alimgonga Muddy begani asimame hukuhuku chini.

Hakuweza kusogea zaidi. Kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite. Hamwiti, hamgusi, hakai alipokaa. Wengi wameshaacha, siku hizi mkwe na baba mkwe wanapanda gari moja na kukaa benchi moja kanisani. Lakini mzee Andongwisye alikuwa wa zamani, na Winfrida alipoolewa alifundishwa kukimbia, akakimbia. Alikuwa anapika chakula, mtoto wao Jairo anakipeleka kwa babu yake. Alikuwa anafua mashuka, Jairo anayatandika. Hata macho ya mzee yalipokufa, Winfrida hakuacha, na mzee akaendelea kusikia nyayo zikigeuza njia kila alipotoka nje.

Ambwene alimfuata mkewe migombani. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi.

"Mmekaa hapa tangu saa ngapi?" Winfrida alinong'ona.

"Si muda."

"Koti la baba limelowa ukungu mpaka chini. Si muda?"

"Ni plagi tu. Plagi ikichafuka inafanya hivi."

"Muddy ampeleke baba sasa hivi."

"Mzee asiyeona akae nyuma ya boda peke yake, kwenye utelezi huu? Akianguka?"

"Basi panda naye. Kaa nyuma yake umshike."

"Na pikipiki niiache na nani?"

"Niachie mimi."

"Wewe? Wakija wahuni?"

"Wahuni wataiba nini, Baba Jairo? Haiwaki!"

Sauti ilimtoka kuliko alivyotaka. Kule ukingoni mzee akakohoa, na Winfrida akaziba mdomo kwa khanga. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mila: mke hapandishi sauti mahali baba mkwe anaposikia. Alibaki amesimama, hasira yote imemjaa kifuani bila pa kuiweka.

Muddy alikuwa amechuchumaa karibu na pikipiki. "Braza, hebu niangalie huu waya wa juu," alisema. "Naona kama hii kofia ya plagi ina..."

"Acha," alisema Ambwene. "Hiki chuma nakijua mwenyewe. Wewe nipeleke Tukuyu, ninunue plagi, unirudishe. Tunakwenda na kurudi."

"Baba Jairo," Winfrida alinong'ona tena, "kama una safari ya kwenda Tukuyu, nenda na baba. Tukuyu ndiko anakokwenda."

Yalikuwa maneno ya wazi kabisa. Ambwene aliyasikia, akayapima, na palepale uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Lakini alikuwa amekwishavaa kofia ngumu na Muddy alikuwa amekwishawasha, na mtu mwenye akili yake hawezi kukubali kwamba jambo rahisi namna ile lilimpita.

"Plagi tu," alisema. "Muda upo."

Akaenda.

*

Walibaki wawili, na pikipiki katikati yao. Mzee ukingoni, Winfrida upande wa pili wa barabara, nyuma ya mgomba, amempa mgongo. Kwa kuwa mzee hakuona, Winfrida angeweza kukaa hata karibu yake na yeye asijue. Lakini Winfrida alijua, na hilo lilitosha.

Simu ikaita. Ambwene alikuwa dukani.

"Mwenye duka anasema nilete sampo," alisema. "Pikipiki hizi za zamani plagi zake hazifanani. Ile niliyoifungua iko wapi?"

Winfrida alichungulia. "Iko juu ya jiwe, karibu na baba."

"Ipige picha unitumie."

"Simu yangu ni ya kitochi, Baba Jairo. Unaijua. Wewe ndiye uliyeninunulia."

"Basi nisomee namba."

Winfrida alivuka barabara akinyata, uso umegeukia pembeni, akachukua plagi na kurudi migombani mbio. Aliifuta kwa khanga. Namba zilikuwa zimelika, imebaki herufi moja na kitu kama nane.

"Nane au tatu?" Ambwene aliuliza.

"Sijui."

"Hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia vizuri! Yenyewe ndiyo haijulikani!"

Ikasikika sauti ya mwenye duka ikisema jambo, kisha Ambwene akasema ngoja ajaribu duka lingine, na simu ikakatika.

Mvua ikaanza, nyembamba, ile ya Rungwe isiyokuwa na haraka. Winfrida alitoa mwamvuli kwenye kikapu. Aliutazama, akamtazama mzee aliyekuwa anajikunyata, akautazama tena mwamvuli. Akavuka barabara, akaufungua, akauchomeka mpini wake kwenye udongo laini wa ukingo ili umfunike mzee. Alikuwa ameshageuka kurudi mzee aliposema:

"Wewe pikipiki."

Winfrida alisimama.

"Wewe pikipiki," alirudia mzee, uso ameuelekeza mahali alipodhani pikipiki ipo, "hebu niambie, Ambwene yuko wapi?"

Winfrida alijua ujanja huo. Nyanyaze waliutumia, wakiongea na mbwa au na jiko ili baba mkwe asikie. Alikuwa hajawahi kuutumia, maana Jairo alikuwapo siku zote. Akaligeukia tangi la pikipiki.

"Pikipiki," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie baba kwamba Ambwene ameenda kununua plagi."

"Pikipiki, wapi?"

"Tukuyu."

Mzee aligeuza sikio kuelekea kwenye pikipiki. "Pikipiki," alisema, "mbona basi hakwenda na mimi?"

Winfrida hakujibu. Pikipiki nayo haikuwa na la kusema.

"Mwe bandu, jamani," alinong'ona mzee, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto."

Gari dogo jeupe likaja kutoka upande wa Ikuti, likapunguza mwendo. Alikuwa mzee wa kanisa Yohane, na mkewe mbele, na nyuma maboksi ya keki na maua ya plastiki. Walikuwa wanakwenda kwenye harusi. Kioo kikashuka nusu.

"Mzee Andongwisye! Mugonile! Mbona mvuani?"

"Pikipiki," alijibu mzee.

"Poleni sana. Ningewachukua, ila mnaona wenyewe, keki haitaki kubanwa." Akamtazama Winfrida aliyekuwa amekimbilia tena nyuma ya mgomba, akamtazama mzee chini ya mwamvuli. "Ambwene si alisema atampeleka mwenyewe? Alitutangazia pale nje ya kanisa. Haya, Bwana atafungua njia."

Kioo kikapanda. Gari lilipoondoka liliwarushia matope, na tone moja likatua kwenye shavu la mzee, chini ya jicho. Hakujua lilipo. Alipapasa shavu la upande mwingine.

Winfrida aliona hayo yote. Akapiga simu kwa Ambwene, haikupokelewa. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa, na nyuma yake kulikuwa na kelele za nyundo.

"Nimepata moja inayofanana," alisema Ambwene, "ila nyuzi zake ni ndefu, kuna fundi anatafuta washa ya kuijazia, kile kipete cha chuma. Usiwe na wasiwasi."

"Saa ngapi sasa huko?"

"Inakaribia saa tano. Muda upo."

Winfrida alikata simu mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatia mumewe simu, na hakujisikia vibaya.

*

Lori la majani mabichi ya chai lilisikika kabla halijaonekana. Winfrida alitoka migombani, akasimama katikati ya barabara na kupunga khanga kwa mikono yote miwili. Lori likasimama kwa mluzi wa breki karibu kabisa na magoti yake.

Dereva akatoa kichwa. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma, jina lake Yussuph, mwenyeji wa Tukuyu.

"Mama! Unataka kufa?"

"Nataka kufika hospitali. Nina mzee wa macho, orodha inafungwa sasa hivi."

Yussuph alimtazama mzee. "Shikamoo mzee. Mbele wako wachumaji wawili tayari, ila nyuma juu ya majani kuna nafasi. Nawashusha njia panda, mnatembea kidogo. Mimi naelekea kiwandani, siwezi kuingia mjini."

"Pikipiki," alisema mzee Andongwisye, "mwambie dereva asante, aende. Mimi namsubiri mwanangu."

Yussuph alimtazama Winfrida. "Anaongea na nani?"

"Na mimi," alisema Winfrida.

"Huyu si baba yako?"

"Ni baba wa mume wangu."

Yussuph alikuwa ameishi na Wanyakyusa maisha yake yote. "Aah," alisema. Akazima injini. "Basi mama, fanya haraka. Majani haya yakilala hayafai."

Mvua iligonga mwamvuli. Wachumaji wawili walichungulia dirishani. Winfrida alitazama pikipiki, akatafuta maneno ya kuipa, na hapo kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu asubuhi kikapanda chote kwa pamoja. Aliipita pikipiki. Alikwenda akasimama mbele ya mzee.

"Baba," alisema.

Mzee alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Unaniita mimi?"

"Hakuna baba mwingine hapa."

"Rudi. Rudi nyuma. Wewe ni mkwe wangu."

"Najua mimi ni nani. Baba, plagi haiji. Ikija haitawaka. Ikiwaka tutakuwa tumechelewa."

"Basi dereva anipandishe, nitakwenda peke yangu."

"Njia panda utakwenda upande gani? Hospitalini wataita jina, utaingia mlango upi? Watauliza mtu wako ni nani. Nijibu nikiwa nyuma ya ukuta?"

"Wazee watasema."

"Waseme. Wako majumbani kwao wanakunywa chai. Tuliolowa hapa ni sisi."

Mzee alitafuna mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshika fimbo kwa nguvu.

"Na ukibaki hivi, baba," Winfrida aliendelea, "nani atakuongoza? Jairo anakwenda shule ya bweni. Ambwene hakai nyumbani. Tutabaki mimi na wewe. Utaanguka uani, na mimi nitakuwa nimesimama migombani nasubiri mtu wa kumwambia aje akuinue. Hiyo ndiyo heshima?"

Yussuph alikuwa anatazama usukani wake.

Mzee Andongwisye alisogeza fimbo, akainyoosha mbele. Winfrida alielewa: amshike kwa fimbo, yeye ncha moja, mkwe ncha nyingine. Akaishika. Wakatembea hivyo mpaka nyuma ya lori, mzee akigusa mbele kwa mguu. Lakini fimbo haimpandishi mtu kwenye lori. Walifika kwenye ubao, ulikuwa juu ya kifua chake, wakasimama.

"Mungu Kyala anisamehe," alisema mzee. Akaiachia fimbo, akanyoosha mkono.

Winfrida aliupokea. Ulikuwa wa baridi, mgumu, mwepesi kuliko alivyodhani. Yussuph akashuka akamsukuma mzee kwa chini, Winfrida akamvuta kwa juu, na mzee akaanguka kifudifudi kwenye majani ya chai akisema maneno ya Kinyakyusa ambayo si ya kanisani. Lori lilipoanza kona aliyumba, akamshika mkwe wake begani kwa mikono miwili, na hakumwachia mpaka njia panda.

*

Ambwene na Muddy walirudi wakakuta pikipiki peke yake, na mwamvuli umesimama ukingoni haumfuniki mtu.

"Wako wapi?" aliuliza Ambwene.

"Labda wamepata usafiri," alisema Muddy.

"Usafiri gani? Nilisema nakuja."

Hata hivyo alifunga plagi kwanza. Aliikaza, akarudisha waya, akapiga kiki. Kimya. Akapiga mara nyingi, akavua koti, akapiga tena, akaitukana pikipiki na mwalimu aliyemuuzia na mwenye duka. Muddy alikaa juu ya bodaboda yake, mikono kifuani.

"Braza, sasa naweza kusema?"

Ambwene alirudi nyuma hatua moja.

Muddy alishuka, akavuta kofia ya plagi, akamwonyesha. Ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na maji. "Nyumbani ikiwa kavu inawaka. Mvua ikinyesha au ukungu ukishuka, moto wa plagi unatorokea hapa. Nilitaka kukuambia asubuhi." Akaikausha kwa shati lake, akakata kipande cha mpira wa tairi kwenye mizigo yake, akaizungushia na kuifunga kwa nguvu. "Piga."

Pikipiki ikawaka kwa kiki moja.

Ambwene alicheka kwa sauti, akageuka kumwonyesha mtu, na hakukuwa na mtu. Kulikuwa na barabara, ukungu, na Muddy ambaye hakuwa anacheka. Wakati huo jua lilikuwa limeshapita utosini.

*

Mlinzi wa hospitali hakumruhusu kuingia. Alikuwa amejaa matope na grisi mpaka masikioni, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado.

"Baba yangu yumo ndani."

"Baba zetu wote wamo ndani. Subiri saa kumi."

Akasubiri kwenye uzio. Mwishowe Winfrida alipita uani na ndoo, akamwona, akaja taratibu bila haraka. Khanga yake ilikuwa imeshika majani ya chai.

"Ameandikishwa?" Ambwene aliuliza.

"Tulikuwa wa mwisho. Nesi alishafunika kalamu, akatuona tulivyo, akaifunua. Presha ilikuwa juu, wakampumzisha, ikashuka. Sasa hivi yuko ndani anafanyiwa jicho la kulia. La pili mpaka wakija tena."

Ambwene alishusha pumzi, akashika nyaya za uzio kwa mikono yote miwili. Kisha, kwa kuwa jambo hilo ndilo lililokuwa karibu na mdomo wake, alisema:

"Pikipiki imewaka."

Winfrida alimtazama.

"Sikukuuliza," alisema.

"Haikuwa plagi, ilikuwa kofia ya..."

"Sikukuuliza pikipiki!" Hapakuwa na baba mkwe wa kusikia, na sauti ya Winfrida ilitoka yote, wanawake waliokuwa wanafua wakageuka. "Nilikuambia tukodi gari, ukasema watu watasema. Nilikuambia nenda naye, ukaenda umekalia nafasi yake! Umemwacha baba yako barabarani kama mzigo, ukafuata kidude cha kutia mfukoni! Unajua nimemshika mkono baba yako? Unajua amelala begani kwangu mbele ya watu? Unajua wamama wa Kinyakyusa pale kwenye foleni walivyonitazama nilipojibu mimi ni mkwe wake? Mmoja alihama benchi. Alihama, Ambwene!"

Alimwita kwa jina. Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Jairo azaliwe.

Mlinzi alijifanya anasoma gazeti.

"Nisamehe," alisema Ambwene kwa sauti ndogo.

"Nenda kaoge," alisema Winfrida. "Umletee baba soksi. Miguu yake ni barafu." Akachukua ndoo yake akaenda.

*

Asubuhi iliyofuata wagonjwa walikaa kwenye vitanda vyao, kila mmoja na bandeji kwenye jicho moja, kama askari waliorudi vitani. Nesi Beatrice alipita na daktari kitanda kwa kitanda. Ambwene alisimama karibu na baba yake, ameoga, amevaa shati la Jumapili. Winfrida alikuwa amemlisha mzee uji usiku na alfajiri, akamwongoza chooni, akamfunika. Lakini alipomwona daktari anashika mkasi, miguu yake ilimtoa yenyewe. Akarudi nyuma, akapita kitanda cha jirani, akajibanza nyuma ya mlango. Kuongea na mzee asiyeona alikuwa ameweza. Kuonwa lilikuwa jambo lingine.

Bandeji ikatoka. Mzee Andongwisye alipepesa jicho, likatoka machozi, akalifuta kwa mgongo wa mkono.

"Vidole vingapi?" aliuliza daktari.

"Viwili. Na una saa." Aligeuka polepole. Alitazama dirisha, akatazama shuka, akatazama mikono yake mwenyewe akaipindua huku na huku. Kisha akamwona Ambwene.

"Wewe," alisema. "Umezeeka."

"Ndiyo, tata."

"Yuko wapi?"

"Nani, tata?"

"Usinichoshe, Ambwene. Aliyenileta."

Ambwene alitazama mlangoni. Nesi Beatrice naye akatazama, akaona ncha ya khanga, akamvuta Winfrida kwa mkono kama anavyovutwa mtoto wa chanjo. Winfrida alikuja amepinda uso, akasimama miguuni pa kitanda, ameutazama ukuta. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa rika la Andongwisye, aliguna na kugeuza kichwa.

"Geuka," alisema mzee Andongwisye.

Winfrida hakugeuka.

"Geuka, mwanangu. Chakula chako nimekula miaka yote hii."

Akageuka. Mzee alimtazama kwa jicho lile moja, jekundu, lenye machozi. Alimtazama paji la uso, na macho yaliyovimba kwa kukesha, na mistari miwili iliyoshuka pembeni ya mdomo. Hakuwa na haraka. Hata yule aliyeguna alikuwa amegeuza kichwa tena kuwatazama.

"Mwe," alisema mwishowe, taratibu. "Kumbe umechoka hivi."

Winfrida alikuwa ameandaa kusema hapana baba, sijachoka, kama inavyosemwa.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nimechoka."

Mzee Andongwisye aliikunja miguu yake chini ya blanketi, akaisogeza ukutani, mpaka upande mmoja wa kitanda ukabaki mtupu.

"Kaa," alisema.

Akakaa.